Ujiji, Mwanga, Gungu au kando ya ziwa: kupima usalama wa mtaa kabla ya kuhamia Kigoma

Mtumishi aliyepokea barua ya uhamisho wa kuja Kigoma huuliza mambo mawili kwa pumzi moja: kodi ni kiasi gani, na mtaa upi una usalama. Swali la kwanza dalali hulijibu papo hapo, na la pili hulijibu kwa haraka zaidi, kwa kuwa kwake yeye kila nyumba iliyo wazi imo katika mtaa uliotulia. Nami nilipohamia hapa niliridhika na jibu hilo, nikalipa kodi ya miezi sita, na kabla mwezi wa pili haujaisha niliamka asubuhi moja nikakuta wavu wa dirisha umechanwa, na simu, redio na suruali iliyokuwa na funguo mfukoni vimevuliwa kupitia kwenye nondo kwa mti mrefu wenye ndoana, mithili ya samaki aina ya migebuka. Mtaa ule haukuwa mbaya kuliko mingine. Kosa langu lilikuwa kuikagua nyumba saa nne asubuhi, jua likiwaka na watoto wakicheza njiani, nisirudi tena kuitazama usiku.

Tangu hapo nimehama mara mbili ndani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji na nimewatafutia nyumba jamaa kadhaa, na ulinganisho huu umetokana na mizunguko hiyo. Manispaa ina kata 19, kwa hiyo sitazigusa zote. Nimechagua Ujiji, Mwanga, Gungu, na mitaa iliyo kando ya Ziwa Tanganyika kama ile ya Kibirizi na Katonga, kwa sababu kila moja ni mfano wa aina yake ya makazi, na mtu akizielewa hizo ataweza kuipima nyingine yoyote atakayooneshwa. Sitazipanga kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Usalama wa muuguzi anayetoka zamu saa sita usiku na usalama wa mama anayewaacha watoto nyumbani akienda sokoni havipimwi kwa kibaba kimoja. Vipimo nilivyotumia ni vitatu: nani anakuona, njia ikoje giza likiingia, na maji yakija yanapita wapi. Hicho cha tatu wageni hukisahau kabisa, ilhali mwizi huchukua redio na ziwa huchukua nyumba.

Ujiji na Gungu: baraza na ukuta

Tofauti inayowachanganya wageni zaidi ni ile iliyopo kati ya Ujiji na Gungu, kwa sababu sifa nzuri za Gungu huonekana kwa jicho siku ya kwanza, na za Ujiji huhitaji mtu akae wiki mbili ndipo azitambue.

Ujiji ni mji mkongwe. Ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka pwani katika karne ya 19, miongo mingi kabla reli ya kati haijafika Kigoma mwaka 1914 na kuuhamishia umaarufu wake huko bandarini. Nyumba zimesongamana, milango inatazama njia, na barazani hapakosi mtu kuanzia alasiri: mzee na tasbihi yake, mama anayechambua mboga, vijana wanaocheza bao. Mgeni akikatiza vichochoro hivyo mara ya kwanza husalimiwa, mara ya pili huulizwa anakwenda kwa nani, na mara ya tatu jina lake limekwisha kujulikana hadi mtaa wa tatu. Wapo wageni wanaolichukia jambo hili na kuliita umbea, na sikatai kwamba lina umbea ndani yake; lakini mtu asiyetaka kuulizwa anakotoka akumbuke kwamba swali hilohilo huulizwa pia kijana aliyebeba televisheni isiyo yake.

Kasoro za Ujiji huanza pale baraza linapoingia ndani. Watu wakishaswali isha na kula, njia hubaki tupu, na miembe mikubwa inayopendeza adhuhuri huziba mwanga wote, hata ule wa mwezi. Vichochoro vingine havipitishi gari, na hilo maana yake ni kwamba moto ukizuka, gari la Zimamoto litasimama mbali na majirani watauzima kwa ndoo. Tena nyumba nyingi za zamani zina choo cha uani, nje ya mlango wa nyuma, na ningependa kila anayempangia binti au mke wake nyumba ya aina hiyo ahesabu hatua zilizopo kati ya mlango na choo, aangalie kama pana taa, na kama ua una mlango unaofungwa au ni kichaka cha mabati kinachopitika. Kwa maoni yangu, safari hiyo fupi ya saa nane usiku ni hatari kubwa kuliko barabara nzima ya kutoka mjini.

Gungu iko upande wa barabara ya kwenda Kasulu, na ndiko iliko stendi ya mabasi ya Masanga. Sehemu zake mpya zina viwanja vipana, nyumba za tofali zenye uzio, geti la chuma, choo ndani na nafasi ya kuegesha gari. Mtu anayesafiri mara kwa mara atafurahi, kwa maana mabasi ya masafa marefu huondoka alfajiri, na kutembea dakika chache hadi stendi ni salama kuliko kutafuta bodaboda saa kumi usiku kutoka Ujiji. Macho ya mgeni huona uzio akaridhika. Nami huuliza: uzio huo unamzuia nani? Jirani huzuiwa kwanza, kwa sababu haoni tena kinachotendeka uani kwako. Na mwizi, akisha kuuruka, hufichwa na ukuta uleule uliojengwa ili kumzuia. Anaweza kukata nondo kwa saa nzima pasipo kuonwa na mtu.

Kwa hiyo nikiwa Gungu, au eneo lolote linalokua kwa kasi, sitazami sana nyumba ninayooneshwa, nahesabu mapagale. Mtaa wenye nyumba kumi zinazokaliwa na pagale moja ni mtaa. Mtaa wenye nyumba tatu zinazokaliwa na mapagale saba yenye nyasi za kiuno ni pori lenye geti, na mpangaji wake atalazimika kuajiri mlinzi au kufuga mbwa, gharama ambayo dalali haitaji anapokuambia kodi. Baada ya miaka mitatu, mapagale hayo yakiisha kuezekwa, hukumu itakuwa nyingine. Mtu anayenunua kiwanja anaweza kusubiri, mpangaji hawezi.

Mwanga

Mwanga ni rahisi kuieleza. Ni kitovu cha biashara, daladala hupita, soko linachangamka, na mtu akifika saa mbili usiku hukuta maduka yana taa na mlinzi ameketi kwenye kiti chake nje. Penye soko pana vibaka, na hilo halihitaji uchunguzi; shika simu yako vizuri mchana. Swali la maana kwa Mwanga ni saa ambayo taa za maduka huzimwa, kwa sababu barabara iliyojaa watu saa mbili huweza kuwa tupu saa nne, na mitaa ya nyuma ya maduka hutegemea mwanga wa mbele kuliko wakazi wenyewe wanavyodhani. Nyumba iliyo hatua hamsini kutoka barabara kuu na nyumba iliyo hatua mia nne, zote huitwa za Mwanga katika maneno ya dalali, nazo hazifanani hata kidogo.

Kando ya ziwa

Hapa sina budi kukawia, kwa kuwa ndipo mgeni hudanganyika zaidi. Nyumba inayotazama maji, upepo wa jioni, milima ya Kongo ng'ambo, na kodi ambayo mara nyingine ni ndogo kuliko ya Mwanga: nani asiyeitaka?

Ziwa Tanganyika hupokea maji ya mito mingi, Malagarasi ukiwa mkubwa kwa upande wetu, lakini mto unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, unaoanzia Kalemie upande wa Kongo. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo, maji huingia upesi na kutoka polepole, na ufuo hupanda. Ndivyo ilivyotokea mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndivyo ilivyotokea tena kuanzia mwaka 2020, ziwa lilipoingia katika nyumba, maghala na mialo ya Kibirizi na Katonga, na watu wakahamisha vitanda kwa mitumbwi. Anayedhani kwamba hayo ni ajali ya mara moja aende Ujiji kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley. Walipokutana mwaka 1871 maji ya ziwa yalikuwa juu sana, na baadaye, Lukuga ulipozibuka katika muongo uleule, ziwa likashuka na kuuacha ufuo wa wakati ule mbali na maji. Ziwa lililoweza kurudi nyuma kiasi hicho linaweza kurejea. Mkazi akikuhakikishia kwamba maji hayajawahi kufika mlangoni pake, muulize kwa heshima ameishi hapo miaka mingapi.

Kipo pia kipimo cha kisheria, ambacho ni chepesi kukitumia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Hesabu hatua zako kutoka ukingoni. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo ina adui wawili, ziwa na alama ya X nyekundu ukutani, na mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima hana wa kumdai siku mwenye nyumba anapoambiwa abomoe.

Kuhusu watu, mitaa ya wavuvi ina kalenda yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka sana taa hazivuti samaki, na mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo katika siku za giza wanaume wengi wako majini hadi alfajiri, na mtaa hubaki na akina mama, wazee na watoto. Katika siku za mbalamwezi wamerudi, wana pesa mkononi, na vilabu vina kelele hadi usiku wa manane. Mtaa ni uleule na usiku si uleule, na anayetembelea mara moja tu atakuwa ameona nusu ya mahali anapotaka kuishi. Aidha, mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana, na miezi kama hiyo hubadilisha mfuko wa kila nyumba iliyo karibu na mwalo. Sisemi kwamba mvuvi asiye na kazi huwa mwizi, kwa maana kusema hivyo ni kuwasingizia watu wanaolinda vyombo vya wenzao kama vya kwao. Nasema kwamba duka hukopesha zaidi, ugomvi wa madeni huongezeka, na mgeni mwenye mshahara wa kila mwezi hujulikana kuwa anao.

Uamuzi wangu kuhusu kando ya ziwa ni mkali kidogo. Chukua nyumba huko ikiwa iko upande wa juu wa barabara, penye mwinuko. Kama iko upande wa maji, iache hata kama kodi ni nusu. Na huko kwenye mwinuko nako angalia makorongo, kwa kuwa miteremko ya mji huu hushusha maji ya mvua kwa nguvu kati ya Novemba na Aprili, na msingi uliojengwa kwenye njia ya maji huonekana kwa ufa wa mlalo na kwa magunia ya mchanga yaliyopangwa nyuma ya nyumba. Magunia hayo husema ukweli ambao mwenye nyumba hausemi.

Wa kuuliza

Wapo watu kadhaa ambao mgeni anaweza kuwauliza, na majibu yao hayana uzito sawa.

Mwenyekiti wa mtaa anajua migogoro yote, maana ndiye anayeamshwa usiku, lakini amechaguliwa kwa kura na hapendi jina la mtaa wake lichafuke. Usimuulize kama kuna wizi. Muulize ulinzi shirikishi unazunguka siku gani, kila kaya inachangia kiasi gani, na mara ya mwisho daftari la michango lilijazwa lini. Mtaa unaolinda una majibu ya mambo hayo mdomoni. Jirani zetu wa Unyamwezi na Usukuma walianzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu walichoka kuibiwa ng'ombe, na jambo lililoufanya utaratibu ule uwe na meno kabla ya sheria kuutambua ni kwamba kila kaya ilikuwa na zamu yake. Mtaa ambao kila mmoja anasema ulinzi upo na hakuna anayekumbuka zamu yake hauna ulinzi.

Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa na huhamishwa, kwa hiyo anajua makaratasi kuliko watu. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, ila katika mitaa ya zamani bado ndiye anayejua nani amepanga chumba kipi tangu lini, na mazungumzo ya nusu saa naye hufaa kuliko siku nzima ya kuzunguka. Polisi wa kata atakueleza matukio yaliyoripotiwa. Kumbuka kwamba mengi hayaripotiwi. Dalali nimekwisha kumtaja.

Wawili ninaowaamini zaidi hawana ofisi. Mmoja ni mama anayechoma vitumbua, ambaye huwasha jiko saa kumi alfajiri na huona nani anapita na nini. Nunua vitumbua vyake siku mbili, mwamkie vizuri, na kama unajua kusema mwakeye kwa Kiha sema, ndipo umuulize kama yeye huogopa njia ipi. Mwingine ni dereva wa bodaboda wa kijiwe cha karibu. Muulize nauli ya kukupeleka kwenye nyumba ile mchana, kisha ile ya saa nne usiku. Nauli ikiongezeka kidogo ni desturi. Ikiongezeka mara mbili, au akisema atakushusha barabarani umalizie kwa miguu, amekupa taarifa kamili ya usalama bila kuandika mstari mmoja. Na ukimpata mpangaji aliyehama katika nyumba hiyo, waache wengine wote umsikilize yeye.

Baada ya kuuliza, nenda mwenyewe mara tatu: saa moja jioni watu wanaporejea, saa nne usiku, na saa kumi na moja alfajiri. Anayetoka Dodoma au Dar es Salaam na ana siku mbili tu za kutafuta anaweza kulala gesti katika mtaa huohuo badala ya mjini; fedha ni ileile na atasikia mbwa, muziki na hatua za watu kwa masikio yake.

Nyumba yenyewe

Mtaa mzuri hauokoi nyumba mbovu. Katika nyumba za vyumba vya kupanga, panda juu ya kiti utazame dari: kuna nyumba ambazo kuta za ndani haziendi hadi kwenye bati, na mtu aliyeko chumba cha nne anaweza kutambaa juu ya dari hadi cha kwanza. Uliza taa ya nje inatumia umeme wa luku ya nani, kwa maana taa isiyo na mwenyewe huzimika tarehe 20 ya kila mwezi. Kitanda kisikae mkabala na dirisha; hilo nililipia kwa suruali.

Nani akae wapi

Mtu mmoja anayeanza kazi, asiye na gari wala ndugu hapa, ningemwambia achukue chumba na sebule Ujiji au katika mtaa wa zamani wa Mwanga, penye choo cha ndani, kabla ya kufikiria nyumba nzima yenye uzio. Atapungukiwa na faragha, lakini akipiga yowe atasikika. Familia yenye watoto wadogo na mama anayeshinda nyumbani itafaa Ujiji kwa sababu hiyohiyo, ilimradi nyumba iko karibu na njia inayopitisha gari. Mwenye gari, mwenye uwezo wa kulipa mlinzi, au msafiri wa kila wiki, Gungu itamfaa, kwa sharti la mapagale nililolitaja. Muuguzi au daktari wa zamu katika Hospitali ya Maweni asichague mtaa kwanza. Achague njia ya kurudi, aitembee usiku pamoja na mtu, kisha atafute nyumba iliyo kwenye njia hiyo hata kama mtaa wenyewe hauna sifa. Kando ya ziwa ni kwa anayefanya kazi kando ya ziwa.

Ukisha kuchagua, peleka barua ya utambulisho uliyopewa na ofisi ya mtaa ulikotoka, andikishwa katika daftari la wakazi, na upite kwa majirani watatu wa kulia na watatu wa kushoto kabla hujafungua masanduku. Namba 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto ziandikwe ukutani wanapoziona watoto. Kitasa cha mlango kibadilishwe siku hiyohiyo ya kupokea funguo, kwa gharama yako ikiwa mwenye nyumba atakataa, kwa sababu mpangaji aliyetoka, dalali, na fundi aliyepaka rangi, wote wamewahi kuzishika funguo hizo.